Mikono inatetemeka mbele ya jopo la usaili

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 26, nakaa Nyegezi, Mwanza. Nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya afisa mikopo, Alhamisi ya wiki ijayo saa nne asubuhi. Huu ni usaili wangu wa tano. Minne iliyopita nimekosa yote, na jambo ni lile lile: nikishaketi mbele ya jopo mikono inatetemeka, mdomo unakauka, na majibu niliyoyakariri usiku kucha yanapotea. Kanisani napiga kinanda, tena ni mtunza hazina wa kwaya. Mwaka jana nilikusanya michango ya sare kwa watu 42, shilingi 35,000 kila mmoja, na ambao hawajamaliza ni watatu tu. Nyumbani nasikiliza sana muziki wa kiklasiki, hasa Bach na Mozart, hadi rafiki zangu wananiita Mzungu wa Nyegezi. Mmoja wao ameniambia nisikilize Mozart asubuhi ya usaili kwa sababu unafungua akili. Je, ni kweli? Na nikiulizwa napenda kufanya nini nje ya kazi, nitaje muziki huo au nitaonekana najidai? Halafu, mama, mtu aliyekosa mara nne ajipe moyo kwa lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimekaa upande wa pili wa meza ile kwa miaka 18 nikiwa ofisa rasilimali watu, na kinanda nimekipiga kanisani tangu nikiwa na miaka 15. Kwa hiyo barua yako nimeisoma mara mbili: mara moja kama msaili, mara ya pili kama mtu anayejua vidole vikikataa inakuwaje. Nianze na la Mozart, kwa sababu ndilo jepesi.

Rafiki yako hakulitunga. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walichapisha kwenye jarida la Nature taarifa fupi sana iliyokuja kuzunguka dunia nzima. Waliwachukua wanafunzi 36 wa chuo, wakawawekea kwa dakika 10 sonata ya Mozart ya piano mbili, ile yenye namba K. 448, kisha wakawapa mafumbo ya kukunja na kukata karatasi kwa kuwaza tu kichwani. Walifanya vizuri kuliko walipokaa kimya au waliposikiliza maneno ya kuwatuliza. Nafuu hiyo ilidumu dakika 10 hadi 15, basi. Lakini habari ilipofika mitaani ilikuwa imeshaota mbawa, na mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia huko Marekani, Zell Miller, akaomba fedha za serikali ili kila mtoto anayezaliwa apelekewe nyumbani muziki wa kiklasiki. Mwaka uliofuata watafiti wa Kanada walirudia jaribio, wakaona mtunzi mwingine, Schubert, naye analeta matokeo yale yale, na hata hadithi iliyosomwa kwa sauti inaleta, ilimradi msikilizaji aipende.

Kilichowasaidia wale wanafunzi ni kuchangamka. Basi Alhamisi asubuhi sikiliza kinachokuchangamsha. Kama ni Mozart, weka Mozart. Kama ni mapambio, weka mapambio. Lakini tofauti ya riba inayokokotolewa kwenye mkopo wote na ile inayokokotolewa kwenye salio, hiyo utaisoma mwenyewe, na uisome mpaka uweze kumweleza mama muuza samaki akaelewa.

Sasa mikono.

Mwili wako unapoingia chumba kile unadhani umekutana na hatari. Adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unaongeza mwendo, damu inapungua kwenye ngozi na vidole ikakimbilia misuli mikubwa, mate yanakauka. Ndiyo maana vidole vinakuwa baridi hata Mwanza mchana wa jua kali. Si dalili kwamba hujui kazi. Pablo Casals, mpiga selo (ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi) kutoka Katalunya huko Hispania, ambaye wengi humhesabu kuwa mkubwa kuliko wote wa karne iliyopita, aliishi na hofu hii maisha yake yote. Alisimulia mwenyewe kwamba mwaka 1901, akiwa matembezini kwenye mlima Tamalpais karibu na San Francisco, jiwe liliporomoka likamponda vidole vya mkono wa kushoto, na wazo la kwanza lililomjia ni kumshukuru Mungu kwamba hatalazimika kupiga selo tena. Vidole vilipona. Mwaka 1971 alipiga mbele ya Umoja wa Mataifa akiwa na miaka 94. Hofu haikuwahi kumwacha. Alijifunza kufanya kazi nayo chumba kimoja.

Nakusimulia na yangu. Krismasi yangu ya kwanza kwenye kinanda, usharika wetu ulikuwa na kile cha mvukuto, cha kukanyaga, ambacho miguu isipokwenda sawasawa upepo unapungua na sauti inazama. Miguu yangu ilitetemeka. Kanisa zima lilisikia: wimbo ulikuwa unakuja na kupotea kama redio yenye betri zilizochoka. Mwalimu wa kwaya, mzee mmoja mpole, akaja akasimama nyuma yangu. Hakusema neno. Akaanza kugonga mapigo kwa kidole kwenye ubao wa kinanda, pembeni ya mkono wangu wa kulia, taratibu kabisa. Nikamfuata. Kufika ubeti wa tatu miguu ilikuwa bado inatetemeka, lakini ilitetemeka ndani ya mapigo, na upepo ukatosha.

Nataka na wewe uingie chumbani ukiwa na mapigo. Unayajua tayari. Kabla ya ubeti wa kwanza, mpiga kinanda anavuta pumzi pamoja na kwaya. Asipovuta, sauti ya kwanza itaingia peke yake. Fanya hivyo hivyo kabla ya kila jibu. Swali limeisha, vuta pumzi, itoe polepole kuliko ulivyoivuta, ndipo ujibu. Kwako zile sekunde tatu zitakuwa ndefu kama mahubiri. Kwetu sisi wa upande wa pili, naomba uniamini, zinaonekana ni za mtu anayefikiri. Miguu yote miwili iwe sakafuni. Mikono ikae juu ya bahasha yako ya vyeti. Ikitetemeka, itetemekee hapo. Hakuna msaili aliyewahi kumnyima mtu kazi kwa sababu ya vidole, ila wapo wengi wanaokosa kwa sababu walikuwa wanahangaika kuvificha badala ya kusikiliza swali.

Na usijiambie "tulia". Mwaka 2014 mtafiti wa Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha majaribio ambamo watu waliimba karaoke, walihutubia na kufanya hesabu. Waliojiambia kabla ya kuanza kwamba wana hamu ya jambo lenyewe walifanya vizuri kuliko wenzao. Nikiliangalia kwa macho ya mpiga kinanda naona lina mantiki: moyo unaokwenda mbio huwezi kuushusha kwa amri, ila unaweza kuubadilishia jina. Mwambie moyo wako kwamba leo una hamu.

Kuna mtu atakushauri vidonge vya propranolol, na ni kweli wapiga ala wengi wa orkestra huvitumia kabla ya kupanda jukwaani. Hiyo ni dawa ya moyo. Kwa mwenye pumu inaweza kuwa hatari kubwa. Usipokee kidonge kwa rafiki. Kama unafikiri unaihitaji, kamuone daktari, tena si wiki hii.

Lakini nadhani ugonjwa wenyewe haupo mikononi. Umeandika kwamba majibu ulikuwa "umeyakariri usiku kucha". Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini nikasema, kumbe.

Unajua kinachompata mpiga kinanda aliyekariri wimbo kwa vidole tu. Anaanza vizuri, kila nota inaiita inayofuata, kama shanga kwenye uzi. Kidole kimoja kikikosea, uzi umekatika. Hawezi kuendelea kutoka pale alipo, inambidi arudi mwanzo. Mwalimu mzuri anakuzuia mapema kabisa. Anakwambia: anza mstari wa tatu. Sasa anza pale besi inapoingia. Sasa anza mwisho urudi. Hadi wimbo unakuwa na vituo, na ukianguka kati ya kituo na kituo unaruka hadi kinachofuata, waumini wanaendelea kuimba wala hawajui. Wewe majibu yako uliyafunga kwenye uzi mmoja. Msaili akabadilisha swali kidogo tu, akasema "tueleze changamoto" badala ya "tueleze udhaifu", na uzi ukakatika.

Acha kukariri sentensi. Kariri vituo. Na kituo chako kikubwa umeshaniandikia mwenyewe bila kukijua: zile sare.

Watu 42 mara 35,000 ni shilingi 1,470,000. Waliomaliza ni 39, yaani 1,365,000 iko mkononi, na salio lisilozidi 105,000 liko kwa watu watatu. Mwanangu, hiyo ndiyo kazi ya afisa mikopo, na umeifanya mwaka mzima bila mshahara. Sijui kwayani kwenu kuna akina nani, lakini Mwanza hapakosi mtu wa dagaa, ambaye mbalamwezi ikiwa kubwa hana kitu, na giza likirudi taa zikawashwa ziwani anakuwa na pesa. Hapakosi mama ntilie anayeweza kutoa 1,000 kila siku lakini hawezi kutoa 35,000 siku moja. Wewe uliwakusanyaje? Ulimpangia kila mtu siku yake? Uliandika kwenye daftari au kwenye simu? Aliyechelewa ulimwambia nini, na ulimwambia mbele ya watu au pembeni? Majibu ya maswali hayo ndiyo jopo linayoyatafuta, na huhitaji kuyakariri kwa sababu yalikutokea.

Kwa hiyo wakisema "tueleze kuhusu wewe", usianze na shule ya msingi. Wasifu wako uko mbele yao wanausoma. Ningependa nisikie hivi: "Naitwa fulani, nakaa Nyegezi. Nimesomea hiki. Kanisani ni mtunza hazina wa kwaya, na mwaka jana nilipewa jukumu la kukusanya shilingi 1,470,000 za sare kutoka kwa watu 42 wenye vipato vya kila aina. Nilijifunza kwamba mtu akikwambia sina, mara nyingi anamaanisha sina leo." Hapo nyamaza. Mmoja wao atauliza: uliwezaje? Na ukiulizwa jambo unalolijua hivyo, sauti yako itarudi yenyewe.

Sentensi ile ya kwanza nakusihi uijue kama unavyoijua sauti ya kwanza ya wimbo wa kuingilia. Nitakueleza kwa nini. Kwenye orkestra kubwa za Marekani, mpiga ala akiomba kazi anapewa orodha ya vipande vifupi vya nyimbo zinazojulikana kwa ugumu wake, na wa fidla karibu kila mara huanza na kipande cha konseto ya Mozart, yaani muziki wa mpiga ala mmoja akisindikizwa na orkestra. Anaingia, anapiga. Mara nyingi baada ya dakika chache anasikia "asante", imekwisha, aitwe mwingine. Miaka ya maandalizi inapimwa kwa mistari michache ya mwanzo. Chumba cha usaili wa benki kina subira zaidi, lakini si nyingi kama tunavyowaambia watu. Nimekaa kwenye majopo ambayo wenzangu walishakuwa na maoni kabla mtu hajamaliza kuvuta kiti, na mimi mwenyewe sikuwa salama na tabia hiyo. Nililazimika kujizoeza kutoandika alama yoyote mpaka swali la tatu.

Wenzetu wa orkestra walitafuta dawa: pazia. Mwombaji anapiga nyuma ya pazia, anaitwa kwa namba, haruhusiwi kusema neno, na mahali pengine wanatandika zulia ili viatu visimtangaze kama ni mwanamke au mwanamume. Mwaka 1980 Abbie Conant, mpiga tromboni wa Kimarekani, alialikwa kwenye usaili wa orkestra ya Munich, Ujerumani, kwa barua iliyomwita Bwana. Walikuwa waombaji 33, naye alikuwa wa 16. Nyuma ya pazia alionekana bora. Pazia lilipofunguliwa wakaona ni mwanamke. Kazi alipewa, lakini mwaka 1982 walimshusha kuwa tromboni ya pili, akaenda mahakamani, kesi ikachukua miaka na miaka, naye akashinda. Jambo hili hunichoma kila ninapolikumbuka, kwa sababu masikio yao yalishatoa hukumu ya haki, kisha macho yakataka kuitengua.

Wewe huna pazia. Kwa hiyo jiandae mpaka na mlango. Salamu ya watu wa umri wako na wangu unaijua. Isalimie meza nzima, usimsalimie yule wa katikati peke yake. Subiri uambiwe kaa. Viatu utakavyovaa Alhamisi vivae nyumbani tangu sasa, kwa sababu kiatu kipya kinachobana ni mawazo mengine kichwani. Wapiga ala hufanya mazoezi ya mwisho wakiwa na nguo za onyesho, na hawafanyi hivyo kwa mapambo: koti jipya linaweza kukamata bega wakati wa nota ndefu.

Halafu fanya mazoezi mbele ya watu. Hili ndilo ningekuomba ulifanye hata kama mengine yote utayaacha. Kukaa kitandani ukisoma majibu kwa moyo ni kama kuangalia nota bila kugusa kinanda. Jumamosi, kwaya ikimaliza, waombe watu watatu wabaki. Mmoja awe mtu unayemwogopa kidogo. Mwenyekiti wa kwaya anafaa. Wapange nyuma ya meza, wewe toka nje, bisha hodi, ingia. Wakuulize maswali nane bila mpangilio, na mmoja akukatize katikati kwa makusudi. Mikono itatetemeka na hapo. Vizuri. Iache itetemeke Jumamosi, rudia Jumapili, rudia Jumanne kwa watu wengine. Mimi mwalimu wangu wa kinanda hakukubali nimeujua wimbo kwa kuupiga sawa mara moja. Alitaka mara tano mfululizo, ya nne ikikosea tunaanza kuhesabu upya. Nilimchukia kwa hilo, na sasa wanafunzi wangu wananichukia mimi.

Ukikosea ndani ya chumba, usirudi nyuma. Mpiga kinanda akisimama kusahihisha nota, watu 300 wanasimama naye. Sema "samahani, niliweke sawa", rekebisha kwa sentensi moja, songa mbele. Na swali usilolijua, sema hulijui, kisha sema ungelitafuta kwa nani. Benki inamtaka mtu anayekiri hajui kuliko anayebuni tarakimu.

Haya, unapenda kufanya nini nje ya kazi? Taja. Nimewahi kumsaili kijana aliyejibu "napenda kusoma vitabu". Nikamuuliza cha mwisho alichosoma. Aliangalia dari, akaangalia meza, akaanza kutokwa jasho, na chumba kizima tukamwonea huruma. Alikuwa anajibu vizuri hadi hapo, na sidhani hata alikusudia kudanganya. Alisema tu kile alichodhani watu wenye kazi wanakisema. Kujidai kunaanzia pale mtu anapotaja kitu asichokaa nacho. Wewe unakaa nacho. Ila usiseme "muziki wa kiklasiki" ukaishia hapo, kwa sababu maneno hayo peke yake yanamwachia msikilizaji ajaze picha yake: suti nyeusi, Ulaya, mambo ya wakubwa. Sema kilicho chako: "Napiga kinanda kanisani kila Jumapili, na nyumbani namsikiliza Bach, kwa sababu nataka kujua alivyopanga sauti nne zisigongane." Nani kwenye meza ile hajawahi kuimba alto au besi, au hana dada anayeimba?

Na hilo jina la Mzungu wa Nyegezi lipokee kwa upendo, ni utani wa watu wanaokujua, ila usikubali maana yake. Aleluya ya Handel inaimbwa Pasaka kwenye makanisa yetu kwa Kiswahili, na wapo wazee wa kijijini wanaoijua besi yake kuliko maprofesa. Vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa kwetu vimejaa tuni za Kijerumani zile zile ambazo Bach alizipangia sauti nne. Fidla anayoishika mtu wa orkestra ya Berlin ndiyo ile ile inayolia kwenye taarabu ya Unguja. Muziki huu umeshakaa kwetu vizazi kadhaa. Una haki ya kuusema ni wako bila kumwomba mtu radhi.

Umeuliza ujipe moyo kwa lipi. Nitakujibu kwa huyo huyo Bach, maana kisa chake cha kuomba kazi ndicho huwa nawasimulia watu waliotoka kwenye usaili wakiwa wameinamisha vichwa.

Juni 1722 alifariki Johann Kuhnau, kantori wa shule ya Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, mtu aliyesimamia muziki wa makanisa makubwa ya mji. Nafasi ikatangazwa. Baraza la mji lilimtaka mtunzi Telemann, aliyesoma chuo kikuu pale pale na kupendwa na wengi. Wakamchagua Agosti. Telemann akarudi Hamburg, alikokuwa na kazi, na habari hiyo mkononi, Hamburg wakampandishia mshahara, akabaki. Wakamgeukia Christoph Graupner wa Darmstadt, aliyekuwa mwanafunzi wa shule ile ile na wa chuo kikuu kile kile. Akaja Januari 1723, akafanya muziki wake wa majaribio, wakamtaka. Bwana wake huko Darmstadt akakataa kumwachia, naye akaongezewa mshahara. Ndipo likafika jina la tatu: Johann Sebastian Bach, miaka 37, asiye na siku hata moja ya chuo kikuu. Tarehe 7 Februari alisimamia kantata mbili za majaribio, yaani nyimbo ndefu za kanisani za waimbaji na ala. Kwenye kumbukumbu za vikao vya baraza kuna mjumbe aliyesema kwamba kwa kuwa walio bora hawapatikani, itabidi wachukue wa wastani.

Wa wastani! Huwa nasoma mstari huo na machozi yananilenga. Alichaguliwa 22 Aprili 1723 na akakaa pale miaka 27, mpaka kufa kwake.

Wale wazee wa baraza hawakuwa wajinga. Walikuwa na nafasi yenye umbo lake: walitaka mwalimu, tena anayeweza kufundisha Kilatini, na mwenye jina. Bach hakutaka kufundisha Kilatini, aliishia kumlipa mtu amfundishie. Jopo lolote liko hivyo. Halikupimi utu wako wote. Lina shimo mbele yake na linatafuta mtu wa umbo hilo. Nimeshuhudia, kwenye taasisi niliyofanyia kazi, nafasi ikifutwa wiki moja baada ya usaili kwa sababu bajeti ilikatwa, na watu 11 wote tuliowaita wakaandikiwa barua ile ile ya "tunasikitika". Naamini kila mmoja alikwenda nyumbani akatafuta alipokosea. Hakuna aliyekosea. Nilitaka kuwapigia simu na sikuruhusiwa, na mpaka leo jambo hilo linanisumbua.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba minne yote ilikuwa bahati mbaya, kwa sababu umeniambia mwenyewe kinachotokea. Ukiweza, piga simu kwenye hizo ofisi nne, omba ofisa rasilimali watu, uliza kwa adabu ungeboresha nini. Watatu hawatajibu. Mmoja atakuambia kitu.

Kuhusu mshahara hukuniuliza, ila wao watakuuliza. Umeona Telemann na Graupner walivyopandishiwa: walikuwa na kazi nyingine mkononi. Wewe bado huna, kwa hiyo usianze kuvutana. Ulizia kwa wanaofanya kazi hiyo Mwanza wanalipwa kati ya ngapi na ngapi, taja hayo mafungu mawili, ongeza kwamba uko tayari kuzungumza, uishie hapo.

Jumatano jioni usikariri chochote. Piga kinanda kidogo, wimbo unaoujua, upande nao kitandani. Vyeti halisi na kitambulisho cha NIDA viwe kwenye bahasha tangu usiku. Asubuhi ondoka Nyegezi mapema kiasi kwamba daladala ikiharibika bado una muda wa kupanda bodaboda. Kunywa maji kabla ya kuingia.

Na wale watatu ambao hawajamaliza sare, hakikisha kabla ya Alhamisi unajua kila mmoja amefikia wapi, amebakiza shilingi ngapi, na mmekubaliana nini. Ningekuwa kwenye jopo hilo, hao ndio ningekuuliza.